Landilodi amefariki, watoto wanataka kuuza flati moja moja kwa hati za seksheno. Sisi wapangaji tufanye nini?

Mpangaji_Donholm

Wadau habari zenu. Nimeona nilete hii maneno hapa kabla hatujakaa na familia ya mwenye nyumba wiki ijayo. Tunaishi kwa flati za orofa tano huku Donholm, nyumba 40, karibu zote ni bedrumu mbili, na chini kuna maduka matano. Kodi ni 22,000 na maji ya kisima imo ndani. Mzee alifariki mwaka jana, Mungu amlaze pema, alikuwa mtu wa watu na hakupandisha kodi ovyo. Sasa watoto wake wanne wamekubaliana kwamba badala ya kugawana jengo zima, kila nyumba itolewe hati yake ya seksheno (yaani hati ya umiliki ya nyumba moja ndani ya jengo) iuzwe peke yake, na bei tunayosikia kwa keyateka ni milioni 4.5.

Sipingi mtu kuuza mali ya baba yake. Lakini hapa kuna walimu, kuna manesi, kuna madereva wa matatu, kuna mama anauza mitumba Gikomba amesomesha watoto watatu akiwa kwa hii ploti, na shule iko karibu watoto wanaenda kwa miguu. Ukitoka hapa na 22,000 yako upate maji kila siku na ufike kazini kwa matatu moja, ni ngumu sana. Swali langu ni hili: kuna njia jengo la kukodisha linaweza kugeuzwa kuwa la hati za seksheno na bado nyumba zingine zibaki bei ya mtu wa kawaida? Na kwa huo mkutano tuanze na nini?

---

KaraniWaArdhi

Pole kwa msiba na pole kwa hiyo presha. Mimi nafanya kazi kwa ofisi ya mawakili, upande wa uhamishaji wa mali, hizi faili za seksheno napita nazo kila siku kwa hivyo nitaandika kirefu kidogo mnivumilie.

Kwanza kabisa, mzee alifariki. Hapo ndipo mko na muda ambao pengine hamjui mko nao. Sheria ya urithi inasema mali isiyohamishika haiwezi kuuzwa kabla grant (barua ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu) ithibitishwe na mahakama, na kuthibitisha kwa kawaida kunangoja miezi sita baada ya grant kutolewa. Kabla ya hapo kuna tangazo kwa Gazeti la Serikali, watu wanapewa siku 30 za kupinga. Kwa hivyo mtu akikuja kesho na fomu akwambie lipa depoziti ya laki nne na nusu ushikiwe nyumba, muulize grant iliyothibitishwa iko wapi. Kama haiko usitoe hata shilingi, hata kama anayeuliza ni kifungua mimba wa mzee mwenyewe na mnajuana.

Pili, seksheno yenyewe. Zamani flati za Nairobi ziliuzwa kwa lizi ndefu (mkataba wa kukodishwa wa miaka mingi), mnunuzi anapata lizi, halafu kampuni ya usimamizi ndiyo inashikilia ardhi. Sheria mpya ya mwaka 2020, ambayo ilianza kutumika Desemba 28 mwaka huo, imebadilisha hiyo. Sasa mpimaji ardhi mwenye leseni anachora ramani ya jengo lote nyumba kwa nyumba, kaunti inaidhinisha, inasajiliwa, hati ya zamani ya ploti inafungwa na kila nyumba inafunguliwa rejista yake. Ardhi, ngazi, paa, tangi, geti, paking, hizo zinakuwa za wenye nyumba wote kwa pamoja. Siku ile ramani inasajiliwa ndiyo siku shirika la wenye nyumba linazaliwa, na kila mwenye nyumba ni mwanachama, kura yake inalingana na fungu la nyumba yake (sehemu yake ya ile mali ya pamoja). Kama ploti ni lizi ya serikali lazima iwe imebakisha angalau miaka 21, hilo pia mliulize.

Mnaona shida iko wapi. Shirika ni la WENYE nyumba. Mpangaji hana kura hapo. Na ulinzi mwingine uko chini sana, ile Sheria ya kudhibiti kodi inalinda nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, niambieni ni nyumba gani Donholm ya bei hiyo. Nyinyi mnaolipa mwezi kwa mwezi bila lizi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inaruhusu notisi ya mwezi mmoja tu. Wale wa maduka chini ndio wako na kinga nzuri, wao wanalindwa na sheria ya maduka na mahoteli, notisi yao ni miezi miwili kwa fomu maalum na wanaweza kuipeleka kwa tribyuno (baraza la kuamua kesi za wapangaji wa biashara). Inaniuma kila nikifikiria, duka la mpesa limelindwa kuliko familia inayolala juu yake.

Kwa hivyo chochote mnachotaka, haki ya kununua kwanza, muda wa kuhama, nyumba zinazobaki za kukodisha, kiandikwe na kisainiwe KABLA ramani ya seksheno isajiliwe. Baada ya hapo mtakuwa mnaongea na watu 40 tofauti, wengine wako Dubai.

---

Zamani_SouthB

Sikiliza Karani. Sisi tulikuwa nyumba 24 South B, tukaambiwa kwa mdomo "nyinyi ndio mtauziwa kwanza", tukafurahi tukapiga hadi sherehe kwa paking. Hakuna kitu iliandikwa. Ejenti akaleta wanunuzi wa keshi siku za wiki tukiwa kazini, nyumba zikaisha, na aliyenunua yangu akanipandishia kutoka 25,000 hadi 40,000 na notisi ya mwezi mmoja juu yake. Kati ya hao 24, waliobaki ni wawili. Mimi nilienda hadi Ruai, mtoto akabadilisha shule katikati ya muhula.

Mkutano uwe na minitsi na kila mtu asaini. Na msiende kila mtu kivyake kuongea na hao watoto wa mzee, ndiyo ilituua.

---

MtotoWaPloti

Naomba niongee kwa upande ule mwingine kwa sababu sisi pia tuliachiwa jengo, ndugu watano, Kasarani. Sisemi wapangaji wafukuzwe, ila muelewe hesabu iliyo kwa kichwa cha hao watoto ndio mjue mtawaambia nini.

Nyumba 40 kwa 22,000 ni 880,000 kwa mwezi, yaani kama milioni 10.56 kwa mwaka, na hapo bado hujatoa nyumba zilizo wazi, keyateka, stima ya pampu, rangi, na kodi ya KRA ya mapato ya nyumba ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya pesa yote iliyoingia kabla hujatoa gharama. Wakiuza zote kwa 4.5 wanapata milioni 180. Gawanya utaona jengo linawalipa chini ya asilimia 6 kwa mwaka. Mwaka huo wa 2024 mwezi wa Februari serikali iliuza bondi ya miundombinu ya riba ya asilimia 18.46 bila ushuru. Riba zimeshuka tangu hapo, lakini mtu aliyeona hiyo namba hawezi kuisahau. Ongeza kwamba ndugu wanne kumiliki kitu kimoja ni ugomvi usioisha, huyu anataka paa, huyu anataka karo, huyu yuko ng'ambo hapokei simu. Hati za seksheno zinawatenganisha kwa amani. Ndiyo sababu kubwa kuliko hata pesa.

Sasa hapo hapo ndipo mko na nafasi. Wakitoa nyumba 40 sokoni kwa mpigo bei inaanguka, hakuna watu 40 wenye milioni 4.5 wanaongoja Donholm. Itachukua miaka. Na kila nyumba wakihamisha mpangaji ili waiuze ikiwa tupu, hiyo miezi hakuna kodi inaingia. Kwa hivyo ukimwambia "uza 24, bakisha 16 za kukodisha", anapata milioni 108 za kugawana, kila mtu milioni 27 kabla ya ile kodi ya KRA ya faida ya kuuza mali ya asilimia 15, na bado zile 16 zinaleta 352,000 kila mwezi, na kila mtoto ana hati zake nne mkononi. Hiyo ni lugha wanaelewa. Kwenda kuwaambia wawaonee huruma haitoshi, hata kama huruma ni haki yenu.

---

Mpangaji_Donholm

@MtotoWaPloti asante sana, hii ya 24 na 16 sikuwa nimeiwaza kabisa. Lakini hebu nisaidieni kwa hiyo 4.5, sisi wapangaji wenyewe nani ataiweza? Nimeuliza kwa wosapu grupu ni watu sita tu wamesema wanaweza kujaribu.

---

Hesabu_za_Nyumba

Nipige haraka haraka. Depoziti ya asilimia 10 ni 450,000. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, hiyo ni 180,000 ingine, na wakili. Kwa hivyo kabla hujalala usiku mmoja kama mwenye nyumba umetoa zaidi ya 630,000. Inabaki deni la milioni 4.05. Ukipata mogeji ya riba ya chini, zile zinapitia benki na SACCO zinazopewa pesa na KMRC (kampuni ya kufadhili mogeji), tuseme asilimia 9.5 kwa miaka 20, unalipa kama 37,750 kwa mwezi. Kwa riba ya kawaida ya benki tuseme asilimia 14 inafika 50,000 na ushei. Wewe unalipa 22,000 sasa hivi. Halafu sheria ya ajira hairuhusu makato yapite thuluthi mbili ya mshahara, na hapo kuna PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (pensheni), SHIF (bima ya afya) ya asilimia 2.75, na ile ya nyumba ya asilimia 1.5, mwalimu mwenye mkopo mwingine wa SACCO tayari amefungiwa mlango.

Nchi nzima mogeji ni kama elfu thelathini tu. Nchi nzima! Na Nairobi karibu watu tisa kwa kila kumi wanakodisha. Kwa hivyo mtu akisema "wapangaji wapewe nafasi ya kununua kwanza" halafu aishie hapo, kwa hawa watu hajasema kitu. Lazima kuwe na njia ya kununua na pia njia ya kubaki ukikodisha, zote mbili.

Kitu inaweza kufanya kazi ni ile ya mpangaji mnunuzi, Shirika la Nyumba la Taifa limefanya hivyo miaka mingi: unalipa kidogo kidogo kwa mwenye nyumba mwenyewe bila benki, hati inabaki kwake hadi umalize. Kama watoto wa mzee hawana haraka ya pesa yote, waulizeni kwa zile nyumba za hao sita.

---

Mama_Maduka_Umoja

Mimi nasema watu wanasahau ushirika. Hamuwezi kununua nyumba 40 lakini mnaweza kununua kumi kama chama cha ushirika cha nyumba kilichosajiliwa, sio ile ya merigoraundi ya kupeana sufuria, naongea ushirika wa sheria wenye vitabu na ukaguzi. NACHU (muungano wa kitaifa wa ushirika wa nyumba) iko tangu 1979 inafanya hii kazi na vyama vya nyumba, waendeeni. Hati inaandikwa jina la ushirika, nyinyi mnakaa mkilipa ushirika wenu, na mtu akihama anarudishiwa hisa zake, haendi kuuza nyumba kwa bei ya soko. Hapo bei imefungwa milele.

Na msidhani ni kitu ya wazungu. Voi, pale Tanzania-Bondeni, watu waliokuwa kwa makazi duni walifanya hivyo miaka ya tisini, ardhi ikawa ya jamii kwa amana, mtu ni mwenye nyumba yake lakini ardhi chini haiuziki. Walifanya hivyo kwa sababu walijua wakipewa hati moja moja, matajiri watakuja wanunue na wao warudi kwa mabanda mahali pengine. Tumeyaona hayo Nairobi mara ngapi? Mtu anapewa nyumba ya kumsaidia, mwaka mmoja baadaye anakaa mwenye Prado.

Nimewahi kuwa katibu wa ushirika wa nyumba kwa miaka mingi na nakwambia kinachoua ni watu kutolipa mapema. Anzeni kuweka hata 3,000 kila nyumba mwezi huu huu, mkienda kwa mkutano mkiwa na akaunti yenye pesa mnasikizwa tofauti kabisa.

---

Msafiri_MD

Nawasalimu kutoka Maryland, nilifanya kazi ya usafi na baadaye ofisi ya meneja wa majengo Washington kwa miaka kadhaa kwa hivyo hii ya kugeuza jengo la kukodisha naijua. Huko Washington kuna sheria ya mwaka 1980, mwenye jengo akitaka kuuza lazima kwanza awape wapangaji nafasi ya kununua, na wapangaji wanaunda chama chao, wanaweza hata kuikabidhi hiyo haki kwa mjenzi mwingine ambaye amekubali kuweka kodi chini. Nimeona jengo la Wahabeshi na Wasalvador likinunuliwa hivyo, wazee wakabaki. New York nayo tangu 2019 mwenye jengo hawezi kugeuza bila asilimia 51 ya wapangaji waliomo kukubali kununua, zamani ilikuwa 15. San Francisco walikuwa wanapiga kura ya bahati, majengo machache tu kwa mwaka, hadi 2013 wakasimamisha hiyo bahati nasibu kwa miaka.

Sio kwamba huko kumekuwa peponi, kodi iko juu vibaya. Ila wazo ni moja, kugeuza jengo kunahesabiwa kama jambo linalogusa wanaoishi ndani. Kenya katiba tayari inasema kwa kifungu cha 43 kila mtu ana haki ya makazi yanayofikika na yanayofaa. MCA wenu (mwakilishi wa wadi) ameulizwa? Kaunti ndiyo inaidhinisha hiyo ramani ya seksheno, kwa nini isiulize "kuna familia ngapi ndani na zinaenda wapi" kabla ya kugonga muhuri.

---

Fundi_Mjengo

Kwa wale sita wanaotaka kununua, kabla ya kitu chochote leteni injinia aangalie nguzo na paa na mabomba. Jengo la kukodisha mwenyewe anatengeneza, jengo la seksheno nyinyi ndio mtatengeneza. Mimi nimefungua sakafu za orofa nyingi huku Eastlands na zingine nondo ni nyembamba ajabu. Sisahau Huruma Aprili 2016, orofa ilianguka usiku wa mvua ikaua watu zaidi ya arobaini. Pia uliza kama plani ya jengo iliidhinishwa na orofa ni ngapi kwa hiyo plani, kwa maana kuna nyingi ziliidhinishwa tatu zikajengwa tano. Na majirani wa Pipeline na Tassia wanaosoma hii wakidhani nao watauziwa hivi hivi, ploti nyingi huko ziko kwa cheti cha hisa tu bila hati, hapo seksheno haianzi hata.

---

Mpangaji_Donholm

Asanteni nyote kutoka moyoni, nimeprinti hii yote tumesoma leo na majirani kwa ngazi. Tumekubaliana tutaomba: wakae na nyumba 16 za kukodisha, waliokaa zaidi ya miaka mitano wapewe kipaumbele kwa hizo, hao sita wapewe njia ya mpangaji mnunuzi, na ushirika uanze na wale wanaoweza. @KaraniWaArdhi maswali mawili tafadhali. Hizo 16 tutazuia vipi zisiuzwe mwaka wa pili wakishajipanga? Na sevisi chaji (ada ya kutunza jengo), kwa sababu jirani amesema hiyo ndiyo itatutoa polepole hata kama kodi haijapanda.

---

KaraniWaArdhi

Maswali mazuri hayo yote mawili.

La kwanza. Msiombe ahadi, ombeni lizi. Kila mpangaji kwa zile 16 apewe lizi ya maandishi ya miaka mitano au zaidi, yenye kodi ya kuanzia 22,000 na kiasi cha kupanda kimeandikwa, tuseme asilimia fulani kila miaka miwili, halafu ISAJILIWE kwenye rejista ya ile nyumba. Lizi iliyosajiliwa inamfunga hata yule atakayenunua, atanunua na wewe ukiwa ndani. Hapo hamu ya kuuza inapungua yenyewe. Ndani ya lizi hiyo hiyo weka kifungu kwamba akitaka kuuza anakupa wewe kwanza kwa maandishi na siku 90 za kutafuta pesa, na ukishindwa anaupa ushirika. Kuna gharama ya wakili na ya ushuru wa stempu kwa lizi, changeni, ni pesa kidogo ukilinganisha na kuhama.

Kwa zile zitakazouzwa kwa bei ya chini kwa wapangaji, familia ina haki ya kutaka nao wasiuze kesho kwa faida, na hilo si geni tena hapa kwetu. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilipopitishwa 2024 ilisema aliyenunua nyumba ya mpango huo hawezi kuiuza bila idhini ya maandishi ya Bodi. Nyinyi hamko chini ya hiyo sheria kwa kuwa hili ni jengo la mtu binafsi, lakini mnaweza kuazima wazo lenyewe kwa mkataba: ndani ya miaka kumi ukitaka kuuza, ushirika ndio unanunua kwanza kwa bei uliyonunulia pamoja na nyongeza mliyokubaliana.

La sevisi chaji jirani yako ameona mbali. Shirika linatoza kila nyumba kulingana na fungu lake, na anayedaiwa kisheria ni mwenye nyumba. Sasa kama lizi yako imenyamaza, landilodi atakuletea wewe bili juu ya kodi. Lizi iseme wazi kwamba 22,000 ina maji na sevisi chaji ndani. Halafu angalieni kura, familia wakibaki na 16 kati ya 40 na nyumba zote ni sawa, hao ndio kundi kubwa kuliko wote kwa shirika, na wao watakuwa wakilipa sevisi chaji kutoka mfukoni mwao, kwa hivyo watapinga mambo ya marembo, kina lifti ya kuongezwa na marumaru getini, ambayo ndiyo huwa inapandisha hizo bili. Zile sita za mpangaji mnunuzi kura yake pia ni ya familia hadi mmalize kulipa, kwa hivyo ushirika ukipiga kura pamoja nao mnapita nusu kwa urahisi ukifikisha hata nyumba tano.

Kimoja cha mwisho kabla ya mkutano: fanyeni upekuzi wa hati kwa Ardhisasa (mfumo wa ardhi wa serikali wa mtandaoni) mjue kama ploti iko na mkopo wa benki. Kama iko charji (imewekwa rehani), benki lazima ikubali ndio seksheno iendelee, na hapo kuna mtu wa tatu mezani ambaye hata familia pengine haijawaambia. Niandikie inbox, namba ya ploti haitakiwi hapa hadharani, nitakuonyesha fomu.